Jina la Kumi

"Daftari la shule yetu," alisema Prokip Hnatiuk, amesimama katikati ya duka kama padri aliyekosea njia ya madhabahuni, "ni safi kuliko daftari la ubatizo kanisani. Kila jina lililomo lina pua, na kila pua ina kamasi zake. Ofisi ya elimu ya mjini wakitaka kuja kuhesabu, waje. Ila waje na leso."

Watu walicheka, hata wale waliokuja kununua mafuta ya taa tu. Mwenye duka, Hryts Melnychuk, ndiye baba wa ubatizo wa binti wa Prokip. Kwa hiyo alikuwa na haki ya kumwita kumu, yaani mzazi mwenza kwa ubatizo, na haki ya kumtukana bila kununiwa.

"Kumu, mimi nilifukuzwa darasa la tatu, lakini hebu nisaidie," alisema Hryts, akipanga vibiriti. "Shule ilikuwa na watoto kumi. Mwezi wa kumi Fedak akapakia familia yake kwenye treni, akaenda kutafuta kazi ya kiwanda huko Ontario. Binti yake Motria akaenda naye. Kumi kutoa mmoja?"

"Tisa."

"Na ofisi ilisema chini ya kumi ni kufuli."

"Ofisi huwaambia hivyo watu wasiojua kuongea," alisema Prokip. "Mimi nilikwenda, nikavua kofia, nikawaeleza. Wametuachia na tisa wetu mpaka mwezi wa sita. Bila hila, bila kumpa mtu hata yai."

Aliagwa kwa heshima siku hiyo. Bibi Palahna, ambaye humshukuru Mungu kwa jicho moja tu kwa sababu jingine analitumia kuchunguza majirani, alimwekea mkono kichwani akasema Tykha Hora haitakufa maadamu Prokip yu hai. Tykha Hora maana yake ni Mlima Mtulivu. Mlima wenyewe haupo. Ukisimama juu ya ndoo kijijini kwetu unaweza kumwona kuku wa wilaya ya pili. Wazee waliotoka Ukraine walikuwa na uchungu wa kwao, wakalipa tambarare hii ya Kanada jina la mlima, na hakuna aliyethubutu kuwasahihisha.

Kuhusu ofisi, ukweli ni kwamba Prokip alikwenda, na kofia aliivua. Sehemu hiyo haikuwa uongo. Alisimama saa mbili kwenye ukumbi unaonuka nta ya sakafu, na karani kijana akamwita Bwana Nachuk mara tatu. Mara ya tatu Prokip akaitika. Karani akamwambia kwamba makaa yanayowapasha moto watoto tisa ni yaleyale yanayowapasha thelathini, na kwamba shule isiyo na kumi itafungwa mwishoni mwa Januari. Watoto watapelekwa kulala bwenini mjini, maili ishirini na mbili. Mwenye umri mdogo zaidi alikuwa na miaka sita.

Alirudi nyumbani, akala supu yake ya borshchi bila kunyanyua kichwa, kisha akamwita mwalimu.

Mwalimu Lesia Buriak alikuwa na miaka kumi na tisa na alikaa kwao, chumba kimoja na Orysia, binti wa Prokip. Ndivyo walimu walivyoishi Tykha Hora: mshahara wa serikali, kitanda nyumbani kwa katibu wa bodi ya shule. Na huyo katibu, kwa miaka minane, alikuwa Prokip.

"Motria usimfute," alisema Prokip. "Ofisi nitawaandikia kwamba amerudi."

"Bwana Hnatiuk, lile ni daftari la serikali."

"Ni karatasi, mwalimu. Unaweka alama ndogo tu, 'yupo'. Inakula nini? Haili makaa."

"Na mkaguzi akija?"

"Utasema mgonjwa. Siku akija usiweke alama, useme mgonjwa. Watoto nitawaambia mimi."

Yevdokha, mkewe, alikuwa akikanda unga, amewapa mgongo. Nyumba ile haikuwa na ukuta wa kuzuia sauti.

"Haya, mwanamume," alisema. "Umemwandikisha mzimu shule. Siku atakapokuja kutaka chakula cha jioni, utamkalisha wewe, si mimi."

*

Novemba Lesia aliweka alama ile baada ya kuchungulia mlango. Desemba hakuchungulia tena. Ilipofika Januari aliiweka akiwa anaangalia dirishani. Alisoma majina tisa, watoto tisa wakaitika, na kwenye jina la kumi kalamu ikapita yenyewe kama farasi anayejua njia ya kwao.

Watoto nao walimzoea. Chaki ikivunjika ni Motria. Nani kamwaga maji? Motria. Walimwachia nafasi mwishoni mwa benchi, na mtoto aliyejisahau akikaa pale alisukumwa: "Toka, umemkalia mwenzio." Orysia alimsimulia mama yake hayo akicheka. Mama yake hakucheka. Alifanya ishara ya msalaba akamwambia ale.

Barua ya ofisi ilifika wiki mbili baada ya Krismasi yetu, ile ya tarehe saba Januari. Mkaguzi angekuja kabla ya mwisho wa mwezi. Siku haikutajwa.

*

Asubuhi ile jua lilichomoza na wenzake wawili, mmoja kila upande, majua matatu meupe yasiyo na joto. Wazee wakiliona hilo, dalili ya tufani, huenda kuongeza kuni. Prokip aliliona pia, akaenda shuleni kuongeza makaa, na saa saba mchana bado alikuwa amepiga magoti mbele ya jiko aliposikia njuga za sleji, gari la kuteleza thelujini.

Bwana Tolmie alikuwa mtu mrefu mwenye mafua ya kudumu na macho ya upole. Alikuwa amekodi farasi wawili stesheni, akawaendesha mwenyewe. Aliwafunga kwenye banda la shule, akaingia akipangusa pua, akawasalimia watoto mmoja mmoja kwa mkono, kama watu wazima. Kisha akatoa mfuko wa karatasi.

"Ofisi wameniambia ni kumi," alisema kwa Kiingereza, lugha ya masomo. "Kwa hiyo nimenunua kumi."

Peremende zikapita benchi kwa benchi. Mashavu yakavimba upande mmoja. Bwana Tolmie akabaki na peremende moja kiganjani, akaitazama.

"Hii ya nani?"

Lesia akafungua mdomo, na Prokip kule kwenye jiko la darasa akamtamkia kwa midomo bila sauti: mgonjwa. Lakini mkaguzi alikuwa ameshaligeuza daftari mezani, kidole kimoja kinashuka safu ya siku ile.

"Motria Fedak," alisoma. "Yupo." Akagusa alama kwa ncha ya kidole, akakiangalia kidole. "Wino wa leo."

Lesia akaitazama kalamu mkononi mwake. Kalamu ilikuwa imekwenda yenyewe. Mgonjwa hawezi kuwepo, na aliyepo hawezi kuwa mgonjwa. Peremende zilisikika zikigonga meno.

"Chooni," alisema Prokip.

"Samahani?"

"Ameenda chooni, bwana. Sasa hivi."

"Aha," alisema Bwana Tolmie, akaiweka peremende ya kumi mezani kwa uangalifu. "Basi tumngoje."

Wakamngoja. Mkaguzi akauliza kuzidisha kwa saba, Orysia akajibu vizuri. Akauliza mto mrefu wa Kanada, mtu akajibu vibaya. Nyuma, mtoto mmoja akaanza kucheka kicheko kile cha kanisani kisichozuilika, akakanyagwa mguu. Ndipo chumba kikafifia. Dirisha la kaskazini likawa kijivu, kisha jeupe, na bomba la jiko likatoa mlio mmoja mrefu, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa. Tufani ilikuwa imefika, nayo haikubisha hodi.

Bwana Tolmie alisimama. "Yule mtoto."

"Nakwenda mimi," alisema Prokip, na akawa ameshika mlango kabla hajamaliza kusema.

Choo cha wasichana kilikuwa hatua arobaini. Alizihesabu, mkono mmoja ukiwa umeshika waya wa nguo ambao mwalimu alianikia vitambaa vya ubao. Aliingia, akafunga mlango, akasimama humo gizani, katibu wa bodi, mtu mzima wa miaka arobaini na nne, akitafuta la kusema. Upepo ulitikisa mbao. Aliwaza: nikisema ukweli sasa, kesho ni kufuli. Aliwaza: nikisema amekimbilia kwao, tutaacha mambo hapo, na kesho Mungu atajua. Akarudi na theluji mpaka kwenye kope.

"Hayupo. Ameona wingu, akakimbilia kwao. Watoto wetu wanajua hali ya hewa, bwana."

"Kwao wapi?"

Prokip akaonyesha kwa kidole upande wowote. Ikawa kaskazini.

"Umbali gani?"

"Si mbali. Nusu maili."

"Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Bwana Tolmie akaanza kuvaa koti. Alivaa polepole, kifungo kwa kifungo. Prokip akamshika mkono wa koti. "Bwana, baba yake atamkuta njiani. Kaa. Humu kuna moto."

"Niliwahi kukaa," alisema mkaguzi. "Katika shule nyingine, miaka mingi sasa. Nikaambiwa baba yake atamkuta njiani." Akafunga skafu. "Amevaa koti gani?"

Katika maisha yake Prokip alikuwa ameulizwa maswali mengi na watu wakubwa, na kila mara alijua la kujibu baada ya kufika nyumbani. Safari hii jibu lilitoka lenyewe, haraka, kama la mtoto aliyekariri.

"Jekundu."

Mlango ukafunguka, baridi ikaingia, mlango ukafungwa. Watoto tisa walimtazama Prokip. Hakuna aliyecheka tena.

"Mwambie," alisema Lesia kwa Kiukraine, sauti yake imekwisha. "Bwana Hnatiuk, kwa jina la Mungu, mwambie."

"Atafika uani, aone haiwezekani, arudi."

"Mwambie!"

Dakika mbili zilipita, labda tatu. Prokip alizitumia zote kumsikiliza yule mtu akirudi, na yule mtu hakurudi. Ndipo akaufungua mlango, akashika miimo kwa mikono miwili, akapaza sauti kwa Kiingereza chake chote:

"Hakuna mtoto! Rudi! Hakuna mtoto!"

Upepo ulivuma kwa vishindo. Ulimnyang'anya "hakuna" mdomoni, ukaachia "mtoto". Na kutoka ndani ya weupe ule, mbali kuliko alivyodhani, sauti ikamjibu kwa furaha:

"Umemwona? Wapi? Nakuja! Motria! Nakuja!"

Kisha sauti ileile tena, mbali zaidi. Kisha upepo peke yake.

Orysia alipiga kengele ya shule mpaka viganja vikachubuka. Prokip aliufungua waya wa nguo, akajifunga kiunoni, akatoka. Alikwenda mpaka waya ulipokaza, akapiga kelele kila upande, akarudi. Akaongeza kamba ya kengele, akatoka tena, akarudi tena. Mara ya tatu Lesia alimvuta ndani kwa nguvu, maana masikio yake yalikuwa yameganda kwa baridi, meupe kama nta.

*

Upepo ulishuka kabla jua halijazama, ghafla kama ulivyokuja. Walimkuta kwenye ua wa waya wa seng'enge, robo tatu ya maili kaskazini, amekaa na shati tu. Koti lake halikuwa mwilini. Lilikuwa limevishwa nguzo fupi ya ua, iliyokuwa na urefu wa mtoto wa miaka saba, na vifungo vyote vilikuwa vimefungwa mpaka juu, na skafu imezungushwa mahali ambapo shingo ingekuwa.

Prokip alilitoa lile koti kwenye nguzo kabla Hryts hajafika na farasi. Hakumwambia mtu jinsi alivyolikuta.

Bwana Tolmie alikuwa hai. Wakamlaza kwenye kitanda cha Prokip na Yevdokha, karibu na jiko. Hryts akageuza sleji kwenda kumfuata daktari, na kwa theluji ile hakuna aliyemtarajia kabla ya kesho mchana. Yevdokha alimpaka yule mtu mafuta ya bata bukini miguuni, akamnywesha chai kwa kijiko. Vidole vya mguu wa kushoto vilikuwa na rangi ambayo hakutaka kuitazama mara mbili.

"Alitokaje nje?" aliuliza.

"Alikwenda kuangalia farasi wake."

Yevdokha aliinua uso. Alimtazama mumewe kama mtu anayemtazama muuzaji anayeapa.

"Farasi wako bandani. Banda liko kusini. Mmemkuta kaskazini."

"Alipotea."

"Orysia ameingia hapa anatetemeka, hataki kuniambia chochote. Mwalimu analia chumbani. Na wewe unaniambia farasi." Akafuta kijiko. "Mzimu wako ndio huu, Prokip? Ndiye aliyemtoa?"

Prokip alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu. Alisema kwa sauti ya chini, ingawa yule mtu hakujua Kiukraine na wala hakuwa na fahamu. "Akiamka akasema, ni kufuli. Si kufuli tu. Ni mimi mahakamani, na mwalimu naye. Na watoto bwenini, na baada ya shule ni duka, na baada ya duka ni kanisa. Itabaki nini hapa? Ngano?"

"Na asipoamka?"

Prokip aligeuka akachochea jiko. Lakini Yevdokha alikuwa ameishi naye miaka kumi na sita, na alijua kusikia kisichosemwa.

"Mtu anakufa kitandani kwangu," alisema taratibu, "na mume wangu anahesabu pumzi zake kama anayengoja treni." Akamwekea kijiko mkononi. "Shika. Mnyweshe wewe. Nataka niuone mkono wako ukimnywesha."

Prokip alimnywesha. Mkono haukutetemeka, na hilo lilimtisha kuliko yote. Kijiko kwa kijiko, akisikiliza pumzi: ikiingia, alijisikia mwema. Ikichelewa kutoka, aligundua kwamba kifua chake chote kilikuwa kimetulia, kikisubiri.

*

Asubuhi majirani walikuja, kama ilivyo desturi, kila mmoja na chungu. Pyrohy zilizojazwa viazi, kabichi, maziwa ya mgando, mkate wa mtama uliobaki sikukuu. Walijaa jikoni, mvuke ukitoka makotini, na mlango wa chumba cha mgonjwa ulikuwa wazi ili joto liingie. Bibi Palahna alipewa kiti karibu kabisa na kitanda, kwa heshima ya umri na kwa sababu angekichukua hata asingepewa.

"Tuambie, mwanangu," alisema. "Tusikie kwako mwenyewe, wanasema mengi."

Prokip hakuwa amelala. Lakini mpe Hnatiuk watu kumi na watano na kimya, na ulimi wake utaanza kwenda wenyewe. Alianza polepole. Ilipofika katikati mikono ilikuwa ikisaidia.

"Nikamwambia, bwana, usitoke. Nikamshika koti, hivi. Nikamwambia farasi wetu ni wa tambarare, wanajua kujilinda. Akasema, hapana, ni farasi wa kukodi, nitalipishwa. Waingereza, mnawajua. Nikasimama mlangoni, nikaita mpaka sauti ikakatika. Nikajifunga waya, nikatoka, mara tatu. Mara tatu! Tazameni masikio haya."

Wakayatazama. Mtu mmoja akasema Mungu atamlipa. Mwingine akasema mtu kama huyu anastahili medali ya serikali, na kwamba ofisi sasa haiwezi kuifunga shule iliyomwokoa mkaguzi wao. Prokip akainamisha kichwa, kama wafanyavyo watu wanaotaka kuona kama watasifiwa tena. Kwenye mlango wa chumba cha pili Lesia alisimama na Orysia, wameshikana mikono, viganja vya mtoto vimefungwa vitambaa.

Ndipo kitandani Bwana Tolmie akafumbua macho.

Alitazama dari. Alitazama nyuso. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na maneno yalitoka moja moja kwa Kiingereza, yakikwama, lakini chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba yalifika mpaka jikoni. Wazee hawakuyaelewa. Wakaelewa tu kwamba anauliza, na kwamba anayemuuliza ni Prokip, maana macho yalipomkuta hayakumwacha.

"Amesema nini?" aliuliza Bibi Palahna. "Masikini, anasema nini?"

"Maji," alisema Prokip haraka. "Anaomba maji. Yevdokha, lete maji."

Yevdokha hakutikisika. Bwana Tolmie akajaribu kunyanyua mkono, akarudia maneno yaleyale, kwa wasiwasi zaidi.

"Maji gani marefu hivyo?" alisema bibi kizee. Akageuka kwenye kiti chake, akamtafuta mtu aliyesoma. "Orysia, mjukuu wangu. Wewe una Kiingereza cha shuleni. Njoo hapa, uniambie. Anataka nini?"

Orysia alimtazama baba yake. Baba yake alimtikisia kichwa, kidogo sana, kiasi ambacho mtu mwingine asingekiona.

"Si maji, bibi," alisema Orysia. Alitafsiri kama alivyofundishwa, neno kwa neno, sauti ya kusikika, mikono pembeni. "Anasema: 'Yule msichana mdogo. Bwana huyu aliniambia amevaa koti jekundu. Je, mmempata Motria?'"

"Motria yupi?" alisema mtu jikoni. "Wa Fedak? Si wako Ontario tangu mwezi wa kumi?"

Watu kumi na watano, kila mmoja na chungu chake mkononi, walikuwa wakimtazama Prokip. Na mtu wa kitandani, ambaye bado hakuwa ameelewa chochote, alikuwa akimtazama pia, akingoja aambiwe kwamba mtoto yuko salama.